Beti za Aletta

Jumapili, 9 Novemba

Theluji ya kwanza, ile nyepesi inayoyeyuka kabla haijatua vizuri. Baraza letu la waandishi lilikutana Mississauga, nyumbani kwa Khatoon, kwenye chumba cha chini chenye zulia jekundu. Khatoon alizaliwa Dodoma, na husema yeye si mwandishi, anapenda tu kusikia Kiswahili kikizungumzwa ndani ya nyumba yake, kwa sababu watoto wake wanamjibu kwa Kiingereza. Hutupa kababu na chai. Sisi humpa mashairi. Nadhani anapunjika.

Kuria, mwenyekiti wetu, siku za kazi huuza nyumba na Jumapili huwa mshairi. Leo alisoma utenzi wa mto wa kwao, ambao hajautia mguu tangu ahamie Kanada. Tulimpigia makofi kwa sababu sisi nasi tungehitaji makofi yake. Papa Télesphore, ambaye alikimbia kutoka Bukavu na sasa anafanya kazi kiwanda cha mikate, alisoma tena shairi la kumlilia mkewe marehemu. Ana mashairi mengi na yote ni ya mkewe. Mimi niliwekwa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Nilisoma haraka haraka kama mtu anayekimbizwa.

Papa Télesphore ndiye hunipa lifti, maana sote wawili tunakaa Weston. Njiani aliniambia, "Dada Gakii, shairi yako ilikuwa nzuri. Ni wao walikuwa na haraka." Nilimshukuru. Moyoni nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutotaka kufarijiwa na yeyote.

Jumanne, 11 Novemba

Jirani yangu mzee, yule mzungu wa mlango wa tatu ninayepakana naye ukuta, alinikuta chumba cha kufulia nguo. Akaniuliza, "Wewe ndiye unayegonga ukuta jioni? Nane, nane, halafu unanyamaza?"

Nikamwambia nahesabu mizani. Mashairi yetu hupimwa kwa silabi. Macho yake yakabadilika. Anaitwa Aletta Swanevelder, ametoka Afrika Kusini, na lugha yake ni Kiafrikana. Kuongea tunaongea Kiingereza, chake kikiwa na mikwaruzo kama mlango wa zamani. Aliniuliza watu wake tunawaitaje kwa Kiswahili. Nikasita, nikamwambia: Makaburu. Akalirudia neno hilo mara kadhaa, akacheka, akasema linasikika kama kitu kinachoanguka ngazini.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeshinda kwa Aletta. Nilikwenda kunywa kahawa nikaondoka giza likiingia.

Alipokuwa msichana wa chuo kikuu, alitunga beti za kuwakejeli waandishi wakubwa wa lugha yake. Alizichapisha kwa jina la kiume katika gazeti la wanafunzi. Aliwacheka jinsi walivyopeana tuzo kwa zamu, jinsi walivyotunga kuhusu ukame na maksai, na jinsi walivyolia kwa vina mbele ya watu. Bado anazikumbuka zote kwa moyo. Alinighania moja kwa Kiafrikana, mkono ukipiga meza. Sikuelewa neno, lakini nilielewa mahali pa kucheka.

"Walitunga kuhusu ardhi," akasema, "huku mashati yao yakipigwa pasi na wanawake ambao hawakutokea katika mstari hata mmoja."

"Na wewe," nikamwuliza, "nani alikupigia pasi?"

Alinitazama sana. "Aliitwa Mieta. Na hayumo katika beti zangu. Ukitaka kuliandika hilo, liandike."

Nilipenda jibu hilo. Halafu akanieleza anachotaka: nizitie beti zake katika Kiswahili. Kiingereza hataki. Anasema kwa Kiingereza watu wataicheka nchi moja iliyoaibika na kujiona wao safi. Anataka wawacheke waandishi. Anataka pia lugha ambayo bado kuna mtu anaigongea ukuta kuhesabu mizani.

Jumatano, 19 Novemba

Treni ilichelewa. Ofisini madai ya bima, moja baada ya jingine, mabomba yaliyopasuka. Jioni kwa Aletta.

Jumapili, 23 Novemba

Yeye ananieleza kila mstari kwa Kiingereza, kisha anaughani ili nisikie pigo lake, kisha mimi nakwenda kwangu kuutafutia nyumba. Huu hapa ubeti wa kwanza niliouridhia:

Watunzi wapo tisini, wasomaji ni wawili,
Mmoja yuko shambani, wa pili hana akili,
Tuzo zi tele mezani, wagawane kwa adili,
Leo nakupa mwendani, kesho wanipa kamili.

Nilimfasiria maana, akapiga kofi paja lake. "Sikuandika kuhusu shamba," akasema. "Lakini acha. Ni bora kuliko changu."

Juzi kwenye treni nilicheka peke yangu mpaka abiria aliyekuwa mbele yangu akahama kiti. Nilikuwa namwona Kuria. Kila mstari aliokuwa akinisomea Aletta, nilimwona Kuria na utenzi wake wa mto. Watu wale wa Aletta wamekufa zamani, na mimi nilikuwa nimewakuta wote Mississauga wakila kababu.

Ijumaa, 28 Novemba

Baridi kali. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nije nchi hii, naiandika hapa ili nisije nikabisha baadaye.

Jumanne, 2 Desemba

Ubeti wa mfiwa ulinitesa siku nyingi. Kwa Aletta, ni profesa mmoja tajiri aliyemzika mkewe kisha akatoa kitabu baada ya kitabu cha maombolezo, akizunguka nacho mijini, akinywa mvinyo na kulia. Kina cha kati nilikuwa nimekipata, -we, ila mstari wa tatu ulikataa. Mvinyo haukuingia katika mizani. Leo asubuhi, nikipiga mswaki, ukaja wenyewe:

Alimzika mkewe, akamfanya mtaji,
Kila mwaka afufuwe, awalize wasomaji,
Mfu anataka jiwe, yeye yuwasaka taji,
Mwacheni mke atuwe, kaburi si duka, haji.

Jiwe na taji. Nilikaribia kumeza povu la dawa.

Jumamosi, 6 Desemba

Baraza la kufunga mwaka. Chumba kilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Safari hii niliomba nisome mapema, na Kuria akakubali kwa sababu alikuwa bado anatafuta miwani.

Sikusema kwamba ni tafsiri. Nilipanga kusema mwishoni, wakishacheka. Nilitaka kwanza wacheke wakidhani ni mimi.

Walicheka. Ubeti wa tuzo ulipofika mwisho, Kuria ndiye aliyecheka kupita wote, machozi yakimtoka, akasema kwa sauti, "Hao ni wale wa Malvern! Gakii, umewapata wale wa Malvern!" Kuna kikundi kingine Malvern, kilijitenga nasi kwa ugomvi ambao hakuna anayeukumbuka. Chumba kizima kikakubaliana: ni wa Malvern. Nilikuwa nimemwelekezea mtu bunduki kifuani na yeye akanisifia mpini.

Basi nikaendelea. Ubeti wa mfiwa ulichekwa pia, lakini kwa namna nyingine, kicheko kilichoanza na kukatika. Khatoon hakucheka. Alisimama akaenda kuongeza maji kwenye birika.

Nilipomaliza walinizunguka. Kuria alinikumbatia. Nilifungua mdomo kumtaja Aletta na mtu akanipa sahani, na mwingine akaniuliza kama ninaweza kuzisoma kwenye harusi ya dada yake. Nikanyamaza. Ilikuwa tamu mno.

Papa Télesphore aliendesha gari bila kusema neno. Nilidhani ni kwa sababu ya barabara. Tulipofika kwangu alisema tu, "Bon. Angalia kwa mlango, kuko barafu."

Jumatatu, 15 Desemba

Theluji. Kazi. Theluji.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimepika pilau, nikampelekea Aletta. Nilimwambia kuhusu Kuria na watu wa Malvern. Hakucheka kama nilivyotarajia. "Anayelengwa hucheka siku zote," akasema. "Wakubwa wangu, walipogundua ni mimi, walininunulia vinywaji. Mmoja alitaka nimtungie ubeti mrefu zaidi, alidhani ule wake mfupi ni dharau." Kisha akaniuliza kama kuna aliyenyamaza.

Nikasema hapana.

Jumapili, 4 Januari

Baraza la mwaka mpya. Papa Télesphore hakuja kunichukua wala hakupiga simu. Nilikwenda kwa mabasi mawili, nikafika nimechelewa na vidole vimekufa ganzi. Kiti chake kilikuwa kitupu. Kuria alisema labda ana zamu kiwandani. Khatoon alinimiminia chai akaninong'oneza, "Gakii, wewe nenda ukamwone." Hakueleza zaidi, na sikuuliza, kwa sababu wakati ule ule nilikuwa nimeshajua.

Jumanne, 6 Januari

Nimempigia simu. Hakupokea.

Jumamosi, 10 Januari

Nimetoka kwa Papa Télesphore. Nataka niandike kila kitu kabla sijaanza kujitengenezea.

Anakaa katika jengo la zamani karibu na mto Humber, lifti yake inanuka vitunguu. Alinifungulia mwenyewe. Binti yake Aurore alikuwa ameenda chuoni, anasomea uuguzi. Papa alinikaribisha kama kawaida, akaniwekea mandazi ya kiwandani kwao. Tuliongea kuhusu baridi. Kisha akaweka mikono yote miwili mezani akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Dada Gakii. Ile shairi ni mimi?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza yote kwa pupa: Aletta, Kiafrikana, profesa tajiri aliyekufa kabla hata mimi sijazaliwa, gazeti la wanafunzi. Nikamwambia ni tafsiri tu, nilikosea kutosema siku ile.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Huyo profesa alikufa?"

"Nadhani alikufa zamani."

"Basi ile shairi ilikuwa inatafuta mtu mwengine," akasema, "na ikanikuta miye."

"Papa, haikuwa juu yako. Aliyeitunga hakujui."

"Ile ndiyo mbaya zaidi, Dada. Kama ni wewe umenicheka, ninaweza kusema Gakii ana roho mbaya. Lakini mtu wa mbali, hanijue, hajaniona hata siku moja, na anasema mambo yangu yote. Sasa nitasema ni nani ana roho mbaya?"

Akaendelea.

"Nakuuliza moja tu. Ile ya jiwe. 'Mfu anataka jiwe.' Huyo mama mzungu ndiye aliandika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua, Kiafrikana hakijui mtu hapa. Nilifikiria kusema ndiyo, nikaona jinsi neno lilivyo dogo.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni yangu. Kwake palikuwa na mvinyo. Nilihitaji neno linaloishia na -we."

"Ulihitaji."

"Ndiyo. Kwa ajili ya kina."

Alitingisha kichwa polepole, kama fundi anayeelezwa gari liliharibikaje. "Épiphanie hana jiwe," akasema. "Nilisoma hii kwenu, mwaka jana, kule kwa Mama Khatoon. Tulikuwa tunatembea na watu wengi, Aurore iko mgongoni. Akafa asubuhi. Nilimzika kando ya barabara, nikachimba na sahani. Niliweka tawi. Sasa mvua moja, na tawi haiko. Nikirudi leo siwezi kukuonyesha ni wapi."

"Sikukumbuka," nikasema.

"Haiko shida. Watu wanasikilizaga wakiwa na kikombe mkononi."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Kisha akaanza kuzungumza huku akitazama dirisha, theluji ilikuwa imeanza tena, na nikajua hazungumzi na mimi.

"Najiuliza ile ya taji. Kila mara nikisoma, watu walipiga mikono, mama wanalia, Kuria ananiambia hisia kali, hisia kali. Na miye nilifurahi. Nikirudi kwa gari nilikuwa na furaha. Sasa najiuliza, nilikuwa ninafurahi nini? Mke wangu amekufa na miye niko na furaha kwa gari?"

"Papa, kila mtu anayetunga..."

"Nimeacha, Dada. Sikasiriki na wewe. Nikianza mstari, naisikia ile yako. Iko nzuri sana, ile yako. Inakaa kichwani."

Nililia, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Alinisindikiza hadi kwenye lifti. Nimerudi kwa miguu kando ya mto, maji yameganda ukingoni na katikati yanapita meusi. Nimehesabu mizani ya ubeti ule njia nzima bila kupenda. Umekamilika. Hauna kosa popote.

Jumapili, 11 Januari

Sikutoka.

Jumamosi, 17 Januari

Nilikwenda kwa Aletta nikiwa nimeshachagua wa kulaumu. Nilimweleza kilichompata Papa Télesphore. Nilimwambia beti zake zina sumu, na kwamba alijua, kwa sababu siku ya Krismasi aliniuliza nani alinyamaza.

"Nisomee ule ubeti," akasema. "Neno kwa neno, kwa Kiingereza."

Nikamfasiria. Uso wake ukakauka.

"Mvinyo uko wapi?"

"Haukutosha katika mizani."

"Mtu wangu anakunywa mvinyo mazishini. Ndicho kinachochekesha. Amenenepa, ana nyumba mbili, kuna barabara yenye jina lake. Umemvua vyote hivyo ukamwacha na mke aliyekufa. Sasa huyo ni nani? Huyo ni mtu yeyote."

"Nilifuata maana yako."

"Ulifuata kina." Alisimama kwa shida, akishika meza. "Niliwacheka watu waliokuwa na vyombo vya habari, mashamba, majina kwenye vibao. Waliweza kuumia kidogo bila kupungukiwa. Nyinyi mna nini? Mna chumba cha chini cha jirani. Nani alikwambia uwacheke watu wenye chumba cha chini?"

Nikamwambia ni yeye aliyeniomba. Nikamwambia na mengine, kuhusu Mieta, kwamba amezoea wengine wabebe kazi chafu. Hilo nililisema nikijua kwamba haliendani na jambo tulilokuwa tukilizungumza. Nilitaka tu aumie.

"Shairi hilo si langu," akasema, akafungua mlango, akausimamia hadi nikatoka.

Jumatatu, 26 Januari

Theluji haijaonekana hivi kwa miaka, wanasema. Ofisi imefungwa. Nimesikia redio ya Aletta kupitia ukuta. Sikwenda kubisha hodi. Nilijiambia aanze yeye.

Jumapili, 1 Februari

Aletta ameanguka. Alitoka kutupa taka, ngazi za nyuma zilikuwa na barafu. Msimamizi wa jengo ndiye aliyeniambia, gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka.

Jumamosi, 7 Februari

Nimeruhusiwa kumwona. Binti yake amekuja kutoka Calgary, mwanamke mpole aliyechoka. Alinieleza nje ya wodi kwamba damu ilivuja kidogo ubongoni, na Kiingereza kimemtoka. Kimebaki Kiafrikana peke yake. "Mimi mwenyewe sikijui vizuri," akasema binti, akainamisha kichwa kama mwanafunzi. "Hakunifundisha. Alisema hapa hakina kazi."

Nikaingia. Aletta alinitambua, hilo nina hakika, kwa sababu alinyoosha mkono. Akaanza kuzungumza. Alizungumza kwa muda mrefu, akinitazama machoni, sauti ikipanda na kushuka, na mara mbili alisimama akisubiri nijibu. Sijui kama alikuwa akinisamehe au akinitukana. Sijui kama alikuwa akiomba maji. Nilimwomba msamaha kwa Kiingereza, akakunja uso kama mtu anayesikia kelele. Basi nikasema kwa Kiswahili, kwa kuwa ilikuwa ni mamoja. Nilimwambia maneno ya Mieta sikuyamaanisha. Akasikiliza kwa adabu.

Muuguzi aliniuliza anasema nini. Nikasema sijui.

Jumamosi, 14 Februari

Nilikwenda tena. Anazungumza kidogo zaidi. Hali chakula.

Jumamosi, 21 Februari

Binti amemhamishia Calgary. Waliondoka jana nikiwa kazini. Mlango wa tatu uko wazi na mafundi wanapaka rangi.

Jumapili, 22 Februari

Sikutaka kwenda Baraza, lakini Kuria alipiga simu mara nyingi, akasema lazima. Nilipofika nikaelewa. Walinipa Ngao ya Mwaka. Ni kioo chenye jina langu, na jina limekosewa herufi moja.

Nikasimama mbele ya zulia jekundu nikasema siistahili. Nikasema beti zile ni tafsiri, mwenyewe ni Aletta Swanevelder, ambaye ni mgonjwa. Nikasema kuna mtu wa Baraza hili amedhurika nazo na sasa hatungi tena, na kila mmoja wetu anajua ni nani.

Kisha Kuria akainuka, macho yakimlengalenga. "Mnamsikia?" akasema. "Mnaona unyenyekevu huo? Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wa Malvern!"

Wakapiga makofi. Wengine walisimama. Nilibaki nimeshika kioo. Khatoon peke yake alikuwa ameketi, mikono mapajani, akitazama kile kiti ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia tangu Desemba.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya barafu. Nyaya zimeanguka Weston, treni hakuna.

Alhamisi, 12 Machi

Aurore amenipigia simu. Huwa ananisalimia kwa Kiswahili, "Shikamoo Aunti," kisha anahamia Kiingereza kwa mengine yote. Misa ya kumkumbuka mama yake ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kila mwaka baba yake husoma shairi baada ya komunyo. Mwaka huu amesema hakuna shairi, na hataki kusema kwa nini. Anarudi kutoka zamu anakaa jikoni na koti lake.

"Sasa nilikuwa nafikiri," akasema, "wewe unatunga vizuri. Baba husema wewe ndiye bora kuliko wote. Unaweza kumtungia Mama yangu moja? Fupi tu?"

Husema. Bado anasema hivyo.

Nilimwambia siwezi. Akaniuliza kwa nini, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyezoea kunyimwa na wakubwa bila sababu, kwa hiyo nilimpa sababu. Nilimweleza yote, hata jiwe.

"Sikujua kwamba Mama hana kaburi," akasema. "Nilikuwa nasikia hayo maneno kanisani kila mwaka. Sikuwahi kuyaelewa yote."

Kisha akakata.

Jumamosi, 21 Machi

Kanisa lilijaa nusu. Wakongo wengi, Warundi wachache, na sisi wa Baraza safu ya nyuma: Kuria na koti zuri, Khatoon ambaye si Mkristo lakini alikuja na maua. Theluji ya uani imekuwa nyeusi, inayeyuka na kuacha takataka za msimu mzima.

Papa Télesphore alikaa mbele, suti ya kijivu. Baada ya komunyo padri alimtazama kwa mazoea. Yeye akatikisa kichwa. Padri alikuwa anafungua kitabu kuendelea pale Aurore aliposimama.

Hakuwa na karatasi. Alikwenda mbele akashika kile chuma cha kipaza sauti, akaanza shairi la baba yake kwa Kiswahili, kama alivyolisikia tangu utotoni. Matamshi yalikuwa ya Kiingereza, na baadhi ya maneno hayakuwa maneno, yalikuwa sauti tu alizozihifadhi bila kujua zinaishia wapi. Lakini mistari miwili ilipita. Wa tatu ulianza. Akafika katikati, akasimama.

Akarudia nusu ile ile. Akasimama tena.

Akamtazama baba yake. Papa Télesphore alikuwa ameinamisha kichwa, na kutoka nilipokaa niliona midomo yake imebana, kama mtu aliyeshika kitu kwa meno. Hakumpa neno. Aurore akainua macho kuelekea nyuma, kwetu, kwa Baraza la waandishi, watu ambao baba yake alitusomea shairi lile kila mwaka.

Kuria akatazama viatu vyake. Mimi nilisimama. Nilisimama kweli, mkono umeshika kiti cha mbele, watu wakageuka. Nikatafuta. Nilikuwepo kila mara aliposoma. Niliweza kukumbuka sweta aliyovaa, kababu zilizokuwa mezani, na kwamba baada yake ilikuwa zamu ya nani. Ubeti wangu wote ulikuwa hapo, tayari, mizani kamili. Wa kwake sikuupata, hata neno moja.

Nikakaa.

Mtu akakohoa. Mpiga kinanda akaanza wimbo kabla hajaambiwa, kwa huruma, na kanisa likaimba. Aurore alirudi kwenye kiti chake akaketi, na baba yake akamwekea mkono mgongoni bila kumtazama.

Mlangoni Papa Télesphore alitushukuru mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ikiwa na joto, mikono ya mtu wa mikate.

"Asante kwa kuja, Dada," akasema. "Utarudi na nani?"

Nikasema nitatembea.